Pesa ya benki za umma inaishia mikoa gani? Uzi wa kuisoma, kuihoji na kuidai

#1 Mzani

Wakuu, habari za jioni.

Kila bajeti inapokaribia tunatajiwa jumla: benki fulani ya umma imekopesha mabilioni kadhaa kwa kilimo, viwanda au vijana. Jumla hiyo inaweza kuwa sahihi hadi senti ya mwisho na bado isiseme lolote kuhusu haki. Shilingi bilioni 100 zinaweza kwenda kwa wakopaji watano wenye maghala Pugu Road, au kwa wakulima elfu ishirini wa Namtumbo wenye mkopo wa milioni tano kila mmoja, na kwenye hotuba zikasomeka vilevile.

Pesa hizi hupita kwenye mifereji mitatu. Kuna benki za maendeleo zenyewe: TIB ya tangu 1970, na TADB iliyozinduliwa 2015 kwa ajili ya kilimo, ambayo inakopesha moja kwa moja na pia inatoa dhamana kwa benki nyingine zikopeshe wakulima wadogo. Kuna benki za biashara zinazobebwa na unafuu wa umma. Julai 2021 Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilitangaza mkopo maalumu wa shilingi trilioni 1: benki inachukua kwa asilimia 3, inakopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Benki inayokopesha kilimo ndani ya kiwango hicho ikapewa na nafuu kwenye amana ya lazima inayoiweka BoT. Halafu kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya nne-nne-mbili (wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2), isiyo na riba, iliyowekwa kisheria 2018 kupitia kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa.

Huu mfereji wa tatu ndio unaopaswa kutuumiza kichwa, kwa sababu upendeleo umo ndani ya hesabu yenyewe. Asilimia 10 ya nini? Ya mapato ya ndani, baada ya kutoa mapato lindwa, yaani yale yaliyokwisha kutengewa matumizi maalumu. Tuseme halmashauri ya jiji inabaki na bilioni 60. Mfuko wake ni bilioni 6. Halmashauri ya wilaya ya pembezoni inabaki na bilioni 2, mfuko wake milioni 200. Wanawake wanapata milioni 80. Kata zikiwa 25, ni milioni 3.2 kwa kata. Kikundi kimoja cha watu kumi kikikomba mgawo wote wa kata, kila mama ana 320,000. Hapo hakuna mwizi, hakuna uzembe, kila karatasi imesainiwa inavyotakiwa, na bado wilaya iliyo nyuma inazidi kubaki nyuma. Sheria imegawa kwa usawa wa asilimia, na usawa wa asilimia unampa zaidi aliyekwisha kuwa nacho.

Naomba michango ya watu wanaolijua jambo hili kwa undani. Lawama za jumla tuziweke pembeni, tuzungumze mahali pesa inapokwama.

#2 Salfa

Mzani, nakazia, ila naongeza kitu ambacho jumla za mwaka haziwezi kukionyesha kabisa: tarehe.

Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini yanapandwa mwisho wa Novemba hadi Desemba. DAP, mbolea ya kupandia, inaingia shimoni siku ya kupanda, kwa kawaida mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari, urea inafuata wiki nne hadi sita baadaye. Mkopo ukiidhinishwa Desemba na pesa kutoka Februari, DAP haina kazi tena. Mkulima ameshapanda bila mbolea, na pesa iliyoingia kwenye akaunti itafanya jambo lingine: ada ya shule, bati, matibabu. Miezi minane baadaye ofisa anaandika "mkopaji alibadilisha matumizi ya mkopo". Aliyebadilisha matumizi ni kalenda ya benki.

Korosho nayo ina saa yake. Salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga inaanza kupulizwa Mei au Juni maua yanapochomoza, na minada inafunguka Oktoba. Pesa ya salfa ikitoka Agosti, ugonjwa umeshayawahi maua.

Upande wa kurejesha ni hivyohivyo. Ratiba ya marejesho ikianza siku 30 baada ya pesa kutoka, mkulima wa korosho aliyekopa Mei anadaiwa Juni, Julai, Agosti na Septemba kabla hajaona hata kilo moja. Atazitoa wapi? Ataingia kwenye kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba kubwa, au atauza korosho zikiwa juu ya mti kwa watu wa kangomba, wanunuzi wasio rasmi, kwa bei ya kutupa. Kitabuni mkopo wa benki utaonekana unalipwa vizuri kabisa.

Kwa hiyo ukipata nafasi ya kuuliza swali moja tu, uliza ni siku ngapi zinapita tangu maombi kukamilika hadi pesa kutoka, kwa kila wilaya na kila zao.

#3 Kokotoa

Habari zenu wadau. Niingie kwenye riba, maana "asilimia 9" inatajwa kama vile ni kitu kimoja.

Chukua mkopo wa 6,000,000, miezi 12, asilimia 9 kwa mwaka.

Riba ikipigwa juu ya salio linalobaki kila mwezi, rejesho ni karibu 524,700 kwa mwezi, na riba yote ya mwaka ni karibu 296,500.

Riba ikipigwa juu ya mkopo wa mwanzo hadi mwisho bila kujali umeshalipa kiasi gani, riba ni 540,000 na rejesho ni 545,000 kwa mwezi. Hiyo, ukiigeuza iwe riba ya salio, ni zaidi kidogo ya asilimia 16. Bango ni lilelile, "asilimia 9", lakini gharama imekaribia mara mbili.

Halafu weka makato ya mwanzo. Tuseme ada ya kushughulikia mkopo asilimia 1 (60,000), bima ya mkopo asilimia 1 (60,000), mthamini na wakili 150,000. Unasaini milioni 6, mkononi unapokea 5,730,000, na riba unalipia milioni 6 nzima.

Makato ya mthamini na wakili ndiyo yanayowapiga watu wa mbali. Mthamini anatoka makao makuu ya mkoa, nauli na posho ni za mkopaji. Anayekopa milioni 60 mjini halisikii. Anayekopa milioni 6 Tunduru, ameshapoteza asilimia 2.5 ya mkopo kwa kitu ambacho hakimwongezei gunia hata moja.

Kabla ya kusaini dai vitu viwili kwa maandishi: ratiba nzima ya marejesho mwezi kwa mwezi, na jumla ya kila utakacholipa kuanzia ada ya fomu. Ukishakuwa na ratiba, angalia mstari wa riba. Kama kiasi cha riba mwezi wa 11 ni sawa na cha mwezi wa 1, ujue haikupigwa juu ya salio.

#4 BiStakabadhi

Kaka Kokotoa ametaja mthamini, nami niendelee hapohapo kwenye dhamana. Ndiyo chujio lenyewe. Mengine yote hutokea baada ya watu wengi kuwa wameshachujwa.

Benki haiangalii bei ya soko ya nyumba yako, inaangalia itapata nini ikiiuza kwa haraka. Tuseme bei ya kuuza haraka ni asilimia 70 ya bei ya soko, na benki inataka dhamana ya asilimia 125 ya mkopo. Mkopo wa milioni 20 unadai thamani ya haraka ya milioni 25, yaani mali yenye bei ya soko ya karibu milioni 36. Kiwanja kidogo cha Kigamboni kinaweza kufika hapo. Nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba sita pale Itilima, pamoja na ekari zake kumi, inaweza isifike, ingawa familia yake inazalisha kuliko ya mwenye kiwanja. Kanuni ni moja kwa wote na imeandikwa bila kutaja mkoa wowote, lakini matokeo yake yana mkoa.

Hatimiliki ya kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kisheria inaweza kuwekwa rehani. Benki nyingi zinaisitasita kwa sababu moja ya wazi: mnunuzi. Mnada wa shamba la kijiji unahitaji mtu anayekubalika kijijini, na majirani hawajitokezi kununua shamba la mwenzao. Kwa hiyo mthamini anaandika thamani ya chini, au ofisa anaichukua kama kiambatanisho tu.

Ndiyo maana dhamana ya TADB kwa benki za biashara ni wazo zuri. Mfuko wa umma unabeba sehemu ya hasara, benki inalegeza masharti. Inapoharibika ni hapa: benki inachukua dhamana ya umma NA inamdai mkulima dhamana kamili ileile. Hatari yake imeshuka, masharti hayajashuka, na mkopo unaokwenda kuhesabiwa kama "wakulima waliofikiwa" ni wa mtu aliyekuwa anakopesheka siku zote. Mkaguzi anayetaka kujua kama dhamana inafanya kazi achukue mafaili hamsini yenye dhamana ya umma na hamsini yasiyo nayo, alinganishe thamani ya mali iliyochukuliwa kwa kila milioni moja ya mkopo. Kama hakuna tofauti, mfuko unaifaidisha benki peke yake.

Stakabadhi ghalani, yaani risiti ya mazao yaliyohifadhiwa ghalani (sheria ya 2005), ingeweza kuwa dhamana ya mnyonge, kwa sababu mzigo upo, umepimwa, una daraja. Inafaa kwa pesa ya baada ya mavuno. Haiwezi kununua salfa ya Mei, kwa sababu Mei ghala ni tupu. Watu huchanganya mambo haya mawili.

#5 MezaYaMikopo

Wadau, naheshimu yote yaliyosemwa, ila upande wa anayetoa mkopo nao una hesabu, na msipoijua mtadai vitu visivyowezekana.

Chukua ule mkopo maalumu wa BoT. Pesa inaingia kwa 3, inatoka kwa 10, watu wanaona faida ya 7. Mkopo wa milioni 2 kwa mwaka unaleta riba ya 200,000, kama utalipwa wote mwisho wa msimu. Toa 60,000 ya BoT, inabaki 140,000. Humo kuna ofisa kwenda shambani mara tatu, mafuta, karatasi, mfumo, mshahara. Mkopo wa milioni 200 unabakiza milioni 14, na kazi yake ya ofisini ni karibu ileile.

Sasa hasara. Kopesha watu 100 milioni mbili mbili. Pato lako la kubaki ni milioni 14. Watu saba wasipolipa kabisa, umepoteza milioni 14 za mtaji peke yake. Umekwisha, hujalipa hata mafuta. Na BoT inataka mikopo chechefu, ile isiyolipwa kwa wakati, isizidi asilimia 5.

Kwa hiyo meneja wa tawi hahitaji kuwa na roho mbaya ili pesa ya kilimo iishie kwa mnunuzi mkubwa wa mazao. Anahitaji tu kuachiwa achague mwenyewe.

#6 Mzani

MezaYaMikopo, asante sana, na hilo neno la mwisho ndilo hasa. Kama unafuu unatolewa bila sharti la ukubwa wa mkopo na mahali, benki itafuata hesabu na hatuwezi kuilaumu. Basi sharti liandikwe kwenye unafuu wenyewe: sehemu fulani ya pesa hii iende kwenye mikopo isiyozidi milioni 10, sehemu fulani kwenye wilaya zilizotajwa kwa majina, na isipokwenda irudi. Hiyo 7 inaweza hata kupanda kwa mikopo midogo na kushuka kwa mikubwa. Benki inayochukua fedha kwa 3 ili imkopeshe mfanyabiashara wa bilioni 5 haihitaji kubakiziwa 7.

Jambo jingine ni jina. Mkopo wa msindikaji aliye Dar, wa muuza matrekta na wa mlima mpunga wa Mbarali yote yanaweza kuingia kwenye kapu la "kilimo". Na BoT hutoa taarifa za uchumi kwa kanda zenye amana na mikopo. Ni nzuri, zisomeni. Ila uliza kwanza mkopo umehesabiwa wapi: palipo tawi lililouandikisha, au palipo shamba. Kampuni yenye ofisi Posta na mashamba Kilombero inaweza kuifanya Dar ionekane inakula kila kitu, au Morogoro ionekane haina kitu. Bila safu ya "wilaya ya mradi" kwenye fomu ya mkopo, mjadala wa haki kwa mikoa ni wa kukisia.

#7 KataKwaKata

Shikamooni wakubwa. Niongelee asilimia 10, maana huko tatizo la wizi lipo na linajulikana.

Aprili 2023 serikali iliisimamisha mikopo hii baada ya hoja za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuhusu marejesho na vikundi visivyokuwepo. Mwaka 2024 ikarudi na utaratibu mpya, halmashauri 10 zikapangiwa kujaribu kupitisha pesa benki: majiji ya Dar es Salaam na Dodoma, manispaa za Kigoma Ujiji na Songea, miji ya Newala na Mbulu, wilaya za Siha, Nkasi, Itilima na Bumbuli. Nyingine zikaendelea kwa kamati zao zilizoboreshwa.

Kikundi hewa hakijifichi ukikaa na mafaili mezani. Panga vikundi vyote kwa tarehe ya kusajiliwa. Vilivyosajiliwa wiki ileile, vikafungua akaunti wiki ileile na kuomba mwezi uleule, vitenge. Soma katiba zao: utakuta aya zilezile na kosa lilelile la tahajia ukurasa wa pili. Linganisha namba za simu za wenyeviti na wahazini, mojawapo itajirudia kwenye vikundi vitatu. Angalia taarifa ya benki ya kikundi: pesa yote ilitolewa taslimu ndani ya siku tatu, au ilikwenda kwa mgavi wa mashine? Mwisho nenda kwenye mradi bila kutoa taarifa. Hatua hizi zinahitaji mtu mmoja mwenye uvumilivu na siku nne.

Lakini tusiweke kila asiyelipa kwenye kapu la wezi. Vikundi halali hufa kwa sababu nyingine. Kinachojirudia zaidi ni kugawana: pesa ikiingia wanachama wanagawana sawa, kila mtu anaenda na biashara yake, na anayefilisika anawaachia wenzake deni. Kingine ni mashine isiyolingana na umeme. Wananunuliwa ya kukamua alizeti inayotaka njia tatu, kijijini kuna njia moja, mashine inakaa chini ya turubai wakati marejesho yanadaiwa. Kabla kamati haijapitisha mradi wa mashine, iwepo karatasi ya TANESCO kwenye faili. Ni karatasi moja tu.

Na kwa watu wenye ulemavu: fungu la asilimia 2 mara nyingi huonekana "limekosa waombaji". Angalieni fomu zinapopatikana. Kama ni ghorofa ya pili ya ofisi ya halmashauri, kilomita 60 kutoka kijijini, waombaji wapo.

#8 kaskazi_mombasa

Hamjambo majirani. Kwetu Kenya tumejaribu njia ya simu. Hustler Fund ilianza Novemba 2022, mkopo wa mtu binafsi kuanzia shilingi 500 hadi 50,000 za Kenya, riba asilimia 8 kwa mwaka, na asilimia 5 ya kila mkopo inakatwa kuwa akiba. Kwa upande wa mahali, mtu wa Mandera na wa Nairobi wanabonyeza namba ileile, hakuna mthamini wala nauli. Hilo ni jambo kubwa.

Mpaka wake ni ukubwa na muda. Mkopo wa siku 14 unamfaa muuza mboga wa Kongowea anayezungusha pesa kila siku. Kwa mwenye mbuzi Tana River, siku 14 hazina maana.

Mzani, lile swali lako la wilaya maskini kuwa na mfuko mdogo, Katiba yetu ya 2010 ililigusa kwa njia nyingine. Ibara ya 204 inatenga nusu asilimia ya mapato yanayokusanywa na serikali kuu kwa maeneo yaliyoachwa nyuma. Lakini mfuko huo, Equalisation Fund, ni wa maji, barabara, afya na umeme, haukopeshi. Kwa hiyo mikopo na ile pesa ya kusawazisha zinapita njia mbili zisizokutana.

#9 Kanda ya Kati

Ndugu Kaskazi, nchi iliyozikutanisha ni Brazil. Katiba yao ya 1988, ibara ya 159, inatenga asilimia 3 ya kodi ya mapato na kodi ya bidhaa za viwandani kwa mikopo ya maeneo matatu yaliyo nyuma. Sheria ya 1989 ikaigawa hivi: 1.8 kaskazini mashariki, 0.6 kaskazini, 0.6 kati-magharibi. Ndani ya ile 1.8, nusu lazima iende ukanda mkavu. Fedha za kaskazini mashariki zinasimamiwa na benki ya umma ya eneo hilohilo, Banco do Nordeste, makao yake Fortaleza.

Tazameni tofauti na nne-nne-mbili yetu. Kule mfuko unajazwa na kodi ya taifa zima, hivyo kiwanda cha São Paulo kinachangia mkopo wa mkulima wa Ceará. Kwetu mfuko wa Itilima unajazwa na ushuru wa Itilima.

Haikuondoa kila tatizo. Mgawo wa kikanda unahakikisha pesa inafika eneo, hauhakikishi inamfikia mdogo ndani ya eneo. Kampuni kubwa zenye miradi kaskazini mashariki nazo zilikopa humo. Benki ileile ilianzisha pia, mwishoni mwa miaka ya 1990, mpango wa mikopo midogo ya vikundi, Crediamigo, wenye maofisa wake wanaotembea mitaani.

Na kwa wanaosema siri ya mteja inazuia uwazi: benki nyingine ya umma ya huko, BNDES, inaweka mtandaoni mikataba yake ya mikopo kwa jina la mkopaji, kiasi, riba, muda na aina ya dhamana. Ni benki inayofanya kazi, na wakopaji wanajua sharti hilo kabla ya kuomba.

#10 Mzee wa Mizania

Vijana, mmeongea vizuri. Nataka tu msisahau upande wa pili wa mzani, kwa sababu nchi hii imeshapita huko.

TRDB ilianzishwa 1971 kukopesha vijijini, ikawa CRDB 1984. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa 1976, mamlaka za mazao zikashika nafasi, vyama vikarudishwa 1982. Mikopo ilifuata mabadiliko hayo yote. Kijiji kizima kilikopa, chama kilichokopa kikafutwa, mamlaka iliyorithi nayo ikafutwa. NBC, Benki ya Taifa ya Biashara, ikabeba madeni ya mashirika ya umma na vyama vya ushirika yasiyolipika. Tume ya Nyirabu ya kuchunguza mfumo wa mabenki iliundwa 1988, na kufikia 1991 tulikuwa na sheria mpya ya mabenki na chombo cha kukusanya madeni mabovu, LART. NBC ikagawanywa 1997.

Aliyeumia ni nani? Wilaya za mbali. Benki ilipoanza kujiokoa ilifunga matawi yasiyo na faida. Kwa hiyo mnapodai mgawo wa mikoa, dai ndani yake swali la deni ni la nani. Mkopo usio na mdaiwa anayetajika kwa jina ni ruzuku iliyoandikwa vibaya. Kama wilaya inahitaji ruzuku, ipewe kwenye bajeti, ionekane, ipigiwe kura bungeni. Ikipitishwa benki kwa jina la mkopo, italipwa na mkopaji mwema wa wilaya ya jirani atakayenyimwa miaka mitano baadaye.

Angalieni pia mikopo "iliyopangwa upya". Mkopo uliochelewa siku 90 unahesabiwa chechefu. Ukipangiwa ratiba mpya kabla haujafika huko, unabaki msafi kitabuni. Kupanga upya baada ya ukame ni haki kabisa. Kupanga upya mkopo uleule mara tatu bila hata shilingi ya riba kulipwa ni kuficha. Idadi na thamani ya mikopo iliyopangwa upya zaidi ya mara moja ndiyo namba ninayoitafuta kwanza.

#11 Songea Mjini

Shikamoo Mzee wa Mizania. Wakuu, vitendo sasa. Mwananchi wa kawaida anaanzia wapi kuomba hizi namba? Kuna njia isiyo ya kujuana?

#12 KataKwaKata

Ipo, ndugu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016. Mwenye haki ya kuomba ni raia. Inahusu mamlaka za umma, na pia taasisi binafsi zinazotumia fedha za umma, kwa hiyo hoja ya kuielekeza kwa benki iliyochukua unafuu ipo. Taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ikikataa, inatakiwa kueleza sababu, na unaweza kuomba mapitio kwa mkuu wa taasisi.

Barua nyingi zinakataliwa kwa sababu zinaomba majina ya wakopaji au "taarifa zote". Usiombe majina. Omba jedwali. Kwa halmashauri andika hivi:

*"Naomba, kwa mwaka wa fedha ulioishia Juni 30, jedwali la kata kwa kata lenye: idadi ya vikundi vilivyoomba, vilivyopitishwa na vilivyokataliwa kwa kila kundi (wanawake, vijana, watu wenye ulemavu), kiasi kilichoombwa na kilichotolewa, tarehe ya maombi kukamilika na tarehe ya pesa kuingia kwenye akaunti, marejesho yaliyotarajiwa na yaliyopokelewa, na jumla ya mapato ya ndani iliyotumika kukokotoa asilimia 10, pamoja na mapato lindwa yaliyoondolewa."*

Kipande cha mwisho msikiache. Kuna halmashauri inaweza kutoa asilimia 10 kamili ya kiasi kilichopunguzwa kwanza.

Kwa benki badilisha "kata" iwe "wilaya ya mradi", ongeza madaraja ya ukubwa wa mkopo (chini ya milioni 5, 5 hadi 20, 20 hadi 100, zaidi ya 100), riba na namna inavyokokotolewa, waliokataliwa na sababu, mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 90, na ile ya Mzee wa Mizania, iliyopangwa upya zaidi ya mara moja. Jedwali la wilaya halifichui mteja. Ila daraja lenye mkopaji mmoja tu katika wilaya linaweza kumfichua, hivyo kubali mapema liunganishwe na la jirani. Ukilikubali hilo kwenye barua, umewaondolea kisingizio cha siri.

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Bila muhuri siku 30 hazina pa kuanzia.

Majibu yakija, mpelekee diwani kabla ya Baraza la robo mwaka, si siku ya kikao. Kwa mambo ya halmashauri, kamati ya Bunge ni LAAC. Kwa mitaji ya umma kama TADB na TIB, ni PIC. Ripoti za CAG humfikia Rais kabla ya mwisho wa Machi, na Aprili huingia bungeni. Barua yenye jedwali ikimfikia mkaguzi wakati bado yuko kwenye mafaili ya halmashauri, ina nguvu kuliko malalamiko ya Mei.

#13 Songea Mjini

Asante sana mkuu. Je, waliokataliwa nao huwekwa kwenye kumbukumbu, au fomu hurudishwa tu dirishani?

#14 MezaYaMikopo

Hapo umegusa penyewe. Wengi hukataliwa kwa mdomo kabla fomu haijapokelewa: "hati yako ya kimila hatuichukui", "rudi na mdhamini mwajiriwa". Huyo haingii kwenye takwimu yoyote, na benki itaonyesha kwa ukweli kabisa kwamba imepitisha tisa kati ya kila maombi kumi.

Kwa hiyo usiondoke na jibu la mdomo. Jaza fomu, iambatanishe na ulichonacho, omba igongwe muhuri, ndipo ikataliwe kwa maandishi. Viongozi wa AMCOS, vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, wafanye hivyo kwa wanachama wote kwa siku moja, wabaki na orodha yenye tarehe. Fomu arobaini zenye muhuri kutoka kata moja, zote zimekataliwa kwa sababu ya hati ya kimila, hakuna jedwali la makao makuu litakaloweza kuzificha.

#15 BiStakabadhi

Na kwenye hiyo orodha muongeze safu ya ukubwa wa shamba kwa ekari na namba ya hati. Bila namba ya hati watasema waombaji hawakuwa na ardhi.